Nebula za kiangazi kwa kamera ya kawaida na tripodi, inawezekana au ninunue darubini?

nyotandogo:

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo yenu maana nimesoma sana huku na kule na kila mtu anasema lake. Nina kamera ya kawaida yenye sensa ya APS-C (ile saizi ndogo kuliko fremu nzima), haijafanyiwa marekebisho yoyote, lenzi ninazo mbili tu, 50mm f/1.8 na 135mm f/2.8 ya kuzungusha fokasi kwa mkono, na tripodi nzito nzito hivi. Msimu huu wa Juni mpaka Agosti nataka nipige nebula mbili, yale mawingu ya gesi na vumbi ya angani, ile ya Amerika Kaskazini iliyo jirani na nyota ya Deneb (NGC 7000) na ile ya Lagoon, M8, kule kwenye kundinyota la Mshale.

Kinachonisumbua ni hiki, nikiacha shata wazi sekunde 20 nyota zinavutika zinakuwa vijimstari, nikishusha mpaka sekunde 2 nyota zinatulia lakini picha inatoka nyeusi, ina chenga, na ule wekundu unaoonekana kwenye picha za wenzetu siuoni kabisa. Nikipandisha ISO, ile ya kung'arisha picha, mpaka 12800 chenga ndo zinazidi. Sasa je, tatizo ni lenzi? Nijikusanye ninunue darubini? Au kamera yenyewe ndo haina uwezo wa kuona nebula? Nisaidieni kabla sijatoa hela yangu.

mwewe135:

Darubini bado kabisa mkuu, usinunue. Hiyo NGC 7000 watu wengi hawajui ni kubwa kiasi gani, upande wake mrefu ni kama digrii 2, yaani ukipanga miezi mipevu minne kwa mstari ndo unaifikia. Sasa chukua darubini ya 1000mm uifunge kwenye APS-C yako, inaona digrii 1.3 kwa 0.9 basi, utaambulia kipande cha ile "Mexico" tu na umbo lenyewe hutaliona. Ila hiyo 135mm uliyonayo inaona karibu digrii 10 kwa 6 na nusu, nebula inakaa katikati vizuri na ile jirani yake ya Pelikani inaingia pia. Na 50mm ukiielekeza kwenye Mshale unapata nebula za M8, M20, M17 na M16 zote nne kwenye fremu moja pamoja na Njia Nyeupe inavyopita nyuma yake, kitu ambacho mwenye darubini kubwa hakipati hata akeshe. Darubini utaihitaji siku ukitaka vitu vidogo kama M57, ile nebula ya Pete, hiyo kwa 135mm inatoka kama pikseli 14 upana wake, hata hutaijua kama siyo nyota iliyokosa fokasi.

Tuje kwenye tatizo lenyewe sasa. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, kwa 135mm na sensa kama yako nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia) inahama pikseli mbili na nusu kila sekunde, ya karibu na Deneb inahama pungufu kidogo. Ndo maana sekunde 20 haiwezekani bila kifaa cha kufuata anga, kile kinachozungusha kamera pamoja na nyota. Ile kanuni ya 500 watu wanayoitaja, yaani 500 gawanya kwa urefu wa lenzi uliozidishwa kwa 1.5 kwa sensa yako, inakupa kama sekunde 2 na nusu kwa 135mm na sekunde 6 na ushee kwa 50mm, ila mimi naiona ni ya kizamani, sensa za siku hizi zina pikseli ndogo mno, kaa kwenye sekunde 1.5 kwa 135mm na 4 kwa 50mm nyota zitabaki duara.

Na ile picha nyeusi uliyopata siyo kwamba haina nebula. Ipo humo ndani, imezamishwa na chenga. Kila fremu imebeba mwanga kidogo sana wa nebula ambao unaangukia palepale kila mara, wakati chenga zinaruka ruka ovyo, hapa zikitokea kwenye fremu hii kwenye ile nyingine zinatokea pengine, kwa hiyo ukizipandanisha fremu mia kadhaa nebula inajengeka na chenga zinafutana, kama kwaya ya watu mia wanaoimba wimbo mmoja, kikohozi cha mtu mmoja hakisikiki. Hapo ndo penye siri yote ya hii kazi. Piga 50mm kwa sekunde 4, ISO 1600, f/2.8, fremu 900 zinakupa saa moja kamili ya mwanga. Saa moja ya mwanga kwenye giza zuri inakuonyesha Lagoon na unaona kabisa ni ya waridi.

Ila ujue hesabu yake ni ngumu, ubora unapanda kwa kipeuo cha pili cha muda, maana yake ukitaka chenga zipungue nusu unahitaji muda mara nne siyo mara mbili. Kutoka dakika 10 kwenda 40 utaona tofauti kubwa mno, kutoka saa 5 kwenda 6 hutaona kitu.

Na kitu kimoja kwenye tripodi, kila baada ya dakika kumi hivi rudisha lenzi ilipokuwa maana anga linakimbia fremu, kwa 135mm nebula inatoka katikati haraka sana. Usijali isiporudi palepale kabisa, tena hiyo kuhama hama kidogo inasaidia kuua zile chenga za mistari zinazotokana na kasoro za sensa.

UsikuMrefu:

Naungana na mwewe135 kuhusu darubini. Niongezee kwenye huo wekundu maana hajaugusa.

Nebula kama NGC 7000 na M8 ni gesi ya haidrojeni inayopigwa na mionzi ya nyota kali zilizo karibu, ikirudisha nguvu hiyo inatoa mwanga mwekundu kwenye nanomita 656.3. Sasa kamera yako ina kioo mbele ya sensa kinachozuia infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ili rangi za ngozi zitoke sawa mchana, na kioo hicho kinaanza kukata kabla hata ya kufika kwenye infraredi yenyewe, kwenye 656 nyingi zinapitisha kama robo tu ya mwanga. Kwa hiyo kamera inaona nebula, ila inaona robo yake. Ndo maana Canon walitoa 20Da mwaka 2005, baadaye 60Da na Ra, na Nikon wakatoa D810A mwaka 2015, zote kioo chake kimelegezwa kwenye huo wekundu kwa ajili ya watu wa nyota. Kuna mafundi pia wanaokitoa kwenye kamera ya kawaida, lakini ukishakitoa picha zako za mchana zinatoka nyekundu mpaka useti upya mizani ya rangi, na dhamana ya kamera imekwisha hapo.

Bila kukitoa bado unapata, tena wapo wanaopata picha nzuri tu, inabidi uongeze muda. M8 inavumilia zaidi maana inang'aa, hata kwa macho matupu kwenye giza zito unaiona kama kidoa cha moshi. NGC 7000 ndo ngumu, ni kubwa lakini mwanga wake umetapanyika. Mwanaastronomia William Herschel aliona weupe mahali pale mwaka 1786 ila lile umbo la bara lilitambulika mwanaastronomia Max Wolf alipoipiga picha mwaka 1890, sahani ya picha ilikusanya mwanga ambao jicho haliwezi kuutunza. Kwa hiyo we usianze nayo, anza na Mshale ndo uende Deneb.

nyotandogo:

Asanteni sana, yaani mmenifungua macho. Kwa hiyo nilikuwa natafuta kwenye fremu moja kitu kinachohitaji mamia. Naomba kuuliza mengine mawili, la kwanza fokasi, hii 135mm nikiizungusha mpaka mwisho kwenye alama ya mbali nyota bado ni vijiduara, sijui nashika wapi. La pili, ninapokaa taa za mjini ni nyingi, je zile filta zinazokata taa zitanisaidia?

Mkia_wa_Nge:

Fokasi nijibu mimi maana kwa 135mm ndo inapoua picha za watu wengi. Ile alama ya mbali kwenye lenzi achana nayo, nyingi zinapita zaidi ya hapo makusudi ili joto likibadilika uwe na nafasi. Elekeza kwenye nyota ya Vega, iko juu na inang'aa sana msimu huu, washa skrini ya nyuma uone moja kwa moja, kuza mara 10. Itatokea kama duara la ukungu, zungusha pole pole linapungua, linapungua, linakuwa nukta, endelea kidogo tu utaona pembeni inageuka rangi, upande mmoja wa fokasi nyota inavaa ukingo mwekundu na upande wa pili ukingo wa zambarau au bluu. Pale katikati ya hizo rangi mbili ndo penyewe. Halafu sogea kwenye sehemu yenye nyota hafifu, ukiona nyota ndogo ambazo mwanzo hazikuwepo zimejitokeza kwenye skrini ujue umefika. Bandika gundi ya karatasi kwenye pete isitikisike.

Na urudie baada ya saa moja hivi. Jioni ya kiangazi lenzi imeshiba joto la mchana, usiku ukipoa vioo na chuma vinajikunja na fokasi inahama bila wewe kugusa. Ukiweza pata kinyago cha Bahtinov, kile cha mistari mistari unachokivalisha mbele ya lenzi, kinatoa miale mitatu kwenye nyota na ule wa katikati ukikaa sawasawa kati ya miwili umemaliza, hakuna kubahatisha. Pia punguza tundu la lenzi mpaka f/4 kwenye hiyo 135mm ya zamani kama nyota za pembeni zinakuwa kama ndege wenye mabawa, unapoteza mwanga lakini nyota zinasafika.

Kuhusu umande angalia kioo cha mbele kila unaporudisha fremu, ukishaona nyota zote zimevimba kidogo kidogo siyo fokasi hiyo, ni unyevu.

UsikuMrefu:

Filta: zipo zile zinazopitisha kanda mbili tu nyembamba, wekundu wa haidrojeni na kijani bluu ya oksijeni kwenye nanomita 500.7, taa za mjini nyingi zinabaki nje. Kwa NGC 7000, M8 na ile nebula ya Veil ya kwenye kundinyota la Dajaja ambayo ni mabaki ya nyota iliyolipuka, zinafanya kazi kweli kweli. Lakini kwako sasa hivi siyo wakati wake, filta hiyo inakata mwanga mwingi mno, sekunde 4 kwenye tripodi hutaona kitu, inataka dakika kadhaa kwa fremu, na hiyo ni kazi ya kifaa cha kufuata anga. Pia hazifai kwa nebula zinazoakisi, mfano ile bluu ya M20 au eneo lote la rangi karibu na nyota ya Antares, zile hazitoi mwanga wake wenyewe, vumbi linarudisha mwanga wa nyota ambao una rangi zote, filta ikizikata unabaki na giza.

Kusafiri kwenda gizani kunazidi filta yoyote mkuu. Kile kipimo cha giza la anga cha John Bortle cha mwaka 2001, darasa la 1 lenye giza kuliko yote mpaka la 9 la katikati ya mji, ukitoka la 8 ukaenda la 4 utadhani umebadilisha kamera. Na nenda siku za mwezi giza, siku chache kabla na baada ya mwandamo, mwezi ukiwa nusu tu anga lishaharibika.

Fundi_Siril:

Naona hakuna aliyegusa kompyuta na nusu ya picha inatengenezwa kule.

Piga RAW (faili ghafi la sensa) siyo JPEG, hilo halina mjadala. Zima ile noise reduction (kupunguza chenga) ya kamera kwa picha za muda mrefu maana inakula muda sawa na wa fremu yenyewe, nusu ya usiku wako inapotea. Badala yake mwisho wa kazi funika lenzi kwa kifuniko upige fremu za giza 30 hivi kwa muda uleule na ISO ileile, na muhimu kwa joto lilelile, kwa sababu chenga za joto kwenye sensa zinaongezeka takriban mara mbili kila joto likipanda digrii 6, usiku wa kiangazi hilo linaonekana wazi. Halafu piga flati, yaani fremu za mwanga sawa, funika lenzi kwa fulana nyeupe iliyonyooshwa uelekeze anga la alfajiri bila kugusa fokasi, hizo zinafuta ule weusi wa pembeni na vivuli vya vumbi. Watu wanaruka flati halafu wanashangaa kwa nini picha yao ina duara jeupe katikati. Usiruke.

Programu za bure zinatosha. Siril inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux, DeepSkyStacker nayo ipo. Unazimwagia fremu zote zinazilinganisha nyota kwa nyota kisha zinapandanisha. Matokeo yatatoka meusi tii, usikate tamaa hapo wala usifute. Hatua inayofuata ni kuuvuta ule mwanga, kwenye histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, utaona kilima kimoja chembamba kimejibana kushoto, unakivuta kulia kidogo kidogo, kila ukivuta unarudisha weusi kwenye nafasi yake unavuta tena. Mara ya pili ya tatu hivi utaanza kuona doa la rangi ya matofali pembeni ya Deneb, na kando yake ghuba nyeusi yenye ukingo mkali, hiyo ndo ghuba ya Mexico ya angani, ni vumbi linaloziba gesi iliyo nyuma yake. Kabla ya kuvuta toa ule mwanga wa mji unaopanda kutoka upande mmoja wa picha, programu ya GraXpert inafanya hiyo kazi na ni ya bure pia.

Wakati unapiga angalia histogramu ya kamera, kile kilima kiwe kimejitenga na ukuta wa kushoto. Kikiwa kimegusa ukuta unatupa mwanga hafifu, na nebula ndo huo mwanga hafifu. Hapo ndo unaongeza ISO, kutoka 800 kwenda 1600 au 3200, lakini 12800 haikuongezei mwanga hata chembe, inachoma nyota tu zinakuwa nyeupe zote.

mwewe135:

Fundi kaongea. Mimi naomba nimalizie la manunuzi maana ndo swali lake la kwanza. Ukiwa na hela ya kitu kimoja nunua kifaa cha kufuata anga, vile vidogo vya kuweka juu ya tripodi kama Star Adventurer ya Sky-Watcher au SkyGuider ya iOptron. Ukikilenga vizuri kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka, unatoka sekunde 1.5 unafika dakika 1 au 2 kwa 135mm, na hapo hata kioo cha kamera hakikusumbui sana. Wenzangu wengine watakwambia anza na kubadilisha kamera, mi sikubaliani nalo, kamera iliyorekebishwa juu ya tripodi tupu bado ni sekunde 1.5.

UsikuMrefu:

Mimi ni mmojawapo wa hao wengine, kwa mtu wa 50mm nasema kamera kwanza, lakini kwa 135mm nakubali, kifaa kwanza.

Angalizo moja, kukilenga kunategemea uko wapi. Kaskazini una nyota ya Kutubu (Polaris), iko kama theluthi mbili za digrii kutoka kwenye ncha yenyewe, kifaa kinakuja na kijidarubini cha kukusaidia kuiweka mahali pake. Kusini ni nyota ya Sigma Octantis ambayo kwa macho inaonekana kwa shida, na karibu na ikweta ncha zote mbili zimelala kwenye upeo wa macho kwa hiyo inabidi utumie dira na pembe ya latitudo ujaribu fremu ya dakika moja, nyota zikivutika unasogeza.

Latitudo pia ndo inakuchagulia nebula. M8 iko digrii 24 kusini mwa ikweta ya anga, mtu wa digrii 50 kaskazini anaiona digrii 16 tu juu ya upeo, ndani ya ukungu wote wa chini, na mwezi Juni usiku wake haufiki giza kamili maana kuanzia kama digrii 49 kwenda kaskazini jua halishuki digrii 18 chini. Huyo asubiri Agosti apige Deneb ambayo inapita karibu na utosi wake. Aliye kwenye ikweta au kusini yake Mshale unapita juu kabisa, na kusini Juni na Julai ndo miezi ya usiku mrefu kuliko yote. M8 inafika juu kabisa usiku wa manane karibu na tarehe 21 Juni, NGC 7000 mwanzoni mwa Agosti.

nyotandogo:

Nimewaelewa vizuri sana. Mpango wangu basi, mwezi giza unaokuja naenda gizani na 50mm na tripodi, naanza na Mshale, sekunde 4 nyingi niwezavyo, flati na fremu za giza juu. M8 naitafutaje kwa macho? Na swali la mwisho kabisa, hizo fremu mia tisa za RAW ni mzigo mkubwa kwenye diski, nikishazipandanisha nifute?

Mkia_wa_Nge:

Tafuta lile umbo la birika ndani ya Mshale, ukishaliona fuata kutoka ncha ya mdomo wake kwenda kaskazini kama digrii 6, ni vidole vitatu na zaidi kidogo ukinyoosha mkono. Kwa 50mm hata ukikosea kidogo itaingia tu.

Fundi_Siril:

Usifute! Nebula haihami, ukipiga saa moja mwezi huu na saa mbili mwezi ujao Siril inazilinganisha zote kama usiku mmoja ilimradi kila usiku uwe na flati zake, na ukija kununua kifaa cha kufuata anga hizi za tripodi bado zinakufaa kwa rangi za nyota maana fremu fupi hazichomi. Fremu ambazo zimepitiwa na ndege au mawingu ndo utupe. Zilizobaki zihamishie kwenye diski ya nje, andika jina la nebula, tarehe, lenzi, ISO na joto la usiku ule kwenye jina la folda, fremu za giza ziweke kwenye folda yake kwa joto lake, usiku mwingine wa joto kama hilo unazitumia tena bila kupiga upya.